Avengers: Infinity War – mashujaa ni utitiri, uzuri wake uko wapi hasa?

binti_kihesa

Wakuu, habari za jioni. Jana nimeangalia Avengers: Infinity War kwa mara ya kwanza, mdogo wangu ndiye aliyeniwekea. Kabla ya hapo nilikuwa nimeona Black Panther peke yake, kwa hiyo zaidi ya nusu ya wale watu siwajui. Saa mbili na nusu zimepita na sikusinzia, hilo nalikubali. Lakini nimebaki na maswali. Mashujaa ni wengi mno, mmoja akianza kunoga mnahamishwa sayari nyingine. Huyo Kapteni Amerika, Steve, mnayemsifu kaongea maneno mangapi mle? Halafu mwishoni Thanos, yule adui anayesaka mawe sita ya nguvu ili aangamize nusu ya viumbe wote, anapiga vidole, watu wanageuka vumbi, yeye anakaa kutazama jua, muvi imekwisha.

Mdogo wangu anaapa kwamba hakuna muvi ya mashujaa iliyowahi kuifikia. Naomba mnieleweshe, uzuri wake uko wapi? Na kasoro mnaziona, au mapenzi yamewazidi? Tafadhali msiniambie nikaangalie zile 18 zilizotangulia ndipo niulize.

Chuma_Tanga

Dada, uzuri wake ni Thor, mungu wa radi, anaposhuka Wakanda, nchi ya Black Panther, na lile shoka. Mimi niliiona kibanda umiza, watu walipanda juu ya mabenchi, ikabidi mwenye kibanda arudishe nyuma tukione tena kile kipande.

Kasoro ni Quill, kiongozi wa kundi la Guardians. Wamemshika Thanos, glavu yenye mawe imebaki kidogo tu ivuke vidole, yeye akasikia mpenzi wake Gamora ameuawa, anampiga usoni. Sijamsamehe mpaka leo.

Mhariri_Moro

Dada binti_kihesa, nitakujibu kwa kirefu kwa sababu muvi hii naipenda kwa dhati, na kasoro zake zinaniuma.

Kazi yangu ni kuhariri video za harusi hapa Morogoro. Harusini kuna wajomba, mashangazi, wanakamati, wafanyakazi wenzake bwana harusi, na kila mmoja anategemea kujiona. Ukimgawia kila mtu sekunde zake sawasawa, unapata mkanda usiotazamika. Lazima utafute kitu kimoja kipite katikati, wengine wote wakizungushie hicho. Waandishi, Christopher Markus na Stephen McFeely, walikuwa na shida hiyohiyo: muvi ya 19 tangu Iron Man ya 2008, na karibu kila aliyewahi kuwa steringi huko nyuma amealikwa.

Walichofanya ni kumpa adui usteringi. Hebu jiulize: nani mle ana safari yenye mwanzo na mwisho? Nani ana lengo tunalolijua tangu dakika ya kwanza, anapoteza kitu kikubwa njiani, na anafika? Ni Thanos. Mashujaa wote wanatokea kwenye njia yake kama vizuizi. Ndiyo maana hukusinzia hata kama majina huyajui. Ulikuwa unamfuata mtu mmoja.

Tena kuna swali moja ambalo kila kundi linaulizwa, liwe angani, Scotland au Wakanda: utakubali umpendaye afe, ili jiwe lisichukuliwe? Loki anaulizwa mwanzoni kabisa, kaka yake Thor akiwa anabanwa kichwa, akalitoa. Gamora, binti wa kulea wa Thanos, anaulizwa kwa maisha ya dada yake Nebula, akasema jiwe lilipo. Quill aliapishwa na Gamora mwenyewe kwamba mambo yakiharibika amuue, na akafyatua kweli, ila bunduki ikatoa mapovu. Strange, yule mchawi mlinzi wa jiwe la muda, alikuwa amemwambia Tony (Iron Man) waziwazi kwamba baina yake na jiwe atachagua jiwe. Saa ilipofika akalitoa jiwe ili Tony asiuawe. Wanda aliombwa amuue mpenzi wake Vision, mwenye jiwe kwenye paji la uso; alikataa, alikataa, mpaka ikawa hana njia. Wote ama wanashindwa kulipa, ama wanalipa wakiwa wamechelewa. Anayelipa papo hapo ni mmoja, Thanos, kule sayari ya Vormir, analia machozi huku anamburuta bintiye Gamora kwenye ukingo wa jabali. Ukilishika swali hilo, hizo sayari zote zinakuwa hadithi moja.

Tazama tena kile kipande cha Thor na Rocket, yule mnyama anayeongea wa kundi la Quill, kwenye chombo kidogo, wakienda kutengenezewa shoka. Rocket anamuuliza habari za familia yake. Thor anaanza kutaja: mdogo wake kafa, dada yake kafa, baba yake, mama yake aliyeuawa, rafiki yake aliyechomwa moyoni. Anataja huku anatabasamu, na lile jicho moja lililobaki linajaa machozi. Kamera haiendi popote, wamemwachia Chris Hemsworth uso wake tu. Mtu ambaye hajawahi kuona muvi hata moja ya Thor anapata hapo kila anachohitaji. Na Rocket, ambaye muda wote ni maneno makali, anaingiza mkono anamtolea jicho la bandia. Kwa mhariri yeyote kukata kipande kile ni rahisi sana, maana hakuna kinacholipuka. Wahariri wake, Jeffrey Ford na Matthew Schmidt, walikiacha, na mimi nawaheshimu kwa hilo.

Sauti nayo. Angalia nembo ya studio mwanzoni: ule muziki wa mbwembwe haupo, unasikia redio ya chombo cha watu wa Asgard, kwao Thor, wakiomba msaada. Na mwishoni, Thanos akishapiga vidole, muziki wa Alan Silvestri karibu unanyamaza kabisa. Bucky, rafiki wa Kapteni, anaita "Steve?", bunduki inaanguka, hayupo. Jina la muvi lenyewe linageuka vumbi, kisha majina ya waliotengeneza yanapanda meupe kwenye weusi. Watu wa biashara ya mabilioni waliokubali kufunga namna ile walikuwa na moyo.

Sasa kasoro. Kuhusu Kapteni uko sahihi. Anaingia vizuri mno: kituo cha treni Edinburgh, treni inapita, nyuma yake kuna kivuli kimesimama, mkuki unarushwa na yeye anaudaka. Baada ya hapo amebaki kuwa mtu wa kutoa amri na kukimbia. Mtu aliyebeba muvi tatu zake mwenyewe hapewi hata mazungumzo marefu. Hiyo ndiyo bei ya kumpa Thanos muda wote ule, wameilipa wakijua, lakini inaonekana.

Ya pili ni kubwa zaidi: nguvu za yale mawe hazina kipimo. Kule Knowhere, Thanos akiwa na jiwe la uhalisia, anawageuza wenzake Quill, Drax vipande vipande na Mantis utepe, kwa kukunja ngumi tu. Akifika sayari ya Titan ana mawe manne, watu walewale wapo mbele yake, na anapigana nao kwa mikono, anavuta mwezi awaangushie. Kwa nini asiwageuze utepe tena? Hakuna jibu ndani ya muvi. Ni kwamba pambano lilihitajika lichukue dakika kadhaa. Ukishaliona hilo mara moja, kila pambano linapungua uzito.

Mzee_wa_Kisauni

Salaam nyote. Mhariri umesema vyema, lakini umeiruka Wakanda, na huko ndiko mimi moyo wangu ulikopata jeraha. Black Panther ilitoka Februari 2018, hii ikafuata Aprili. Miezi miwili tu. Nimekwenda sinema nikiwa bado nina ile furaha: mji wenyewe, Kixhosa kinasemwa bila haya, Florence Kasumba, mzaliwa wa Kampala, amesimama na mkuki wake kama Ayo, askari mlinzi wa mfalme. Nikakuta nchi yenye elimu kuliko zote duniani inapigana kwa kukimbia uwanjani kifua mbele. Mji hatuuoni, watu wake hatuwaoni. Nakia wa Lupita hayumo kabisa. Imekuwa uwanja wa kupigania wageni.

binti_kihesa

Asante Mhariri, hilo la swali moja sikuliona kabisa na sasa nataka niirudie. Mzee wa Kisauni umenisemea. Mimi niliumia T'Challa, Black Panther mwenyewe, alipopotea, mdogo wangu akaniambia nisijisumbue, atarudi. Sasa kama wote wanajua wanarudi, hilo vumbi la nini?

Mhariri_Moro

Mzee wa Kisauni, shikamoo, na naungana nawe. Tena naongeza, maana kwangu Wakanda ndiko muvi inakovunja mkataba wake yenyewe. Steve anasema hawabadilishi maisha ya mtu kwa ya wengine, kwa hiyo Vision asiuawe. Sawa. Kisha wanampeleka Wakanda, wale wanyama wa jeshi la Thanos wanaanza kuizunguka ngao ya nchi, na T'Challa anaamuru ifunguliwe ili waje kwa mbele wasimfikie Vision kwa nyuma. Askari wanakufa pale kwa wingi. Maisha yao yamebadilishwa kwa ya mmoja, na hawakuulizwa. M'Baku, kiongozi wa kabila la milimani, anasema huu utakuwa mwisho wa Wakanda, Okoye, jemadari wa mfalme, anamjibu kwamba basi uwe mwisho mtukufu kuliko yote, na shauri limekwisha kwa sentensi mbili. Swali lile ambalo Quill na Wanda wamepewa muda wa kulilia, Wakanda nzima imepewa sentensi mbili! Dakika tano za baraza, Okoye akipinga na Shuri, dada wa mfalme, akitetea, zingeifanya muvi hii iwe karibu haina doa.

Binti_kihesa, kuhusu vumbi. Mdogo wako anasema kweli, na hiyo ni kasoro halisi. Ukiona T'Challa na Spider-Man wanapotea, akili inapiga hesabu ya biashara papo hapo. Linganisha na Loki anavyokabwa koo mwanzoni, au Gamora. Vifo vile vimefanywa kwa mkono, aliyeua unamwona uso. Vumbi halina aliyeua karibu yake. Linalookoa kipande kile ni wanaobaki: Tony amemkumbatia yule kijana Spider-Man anayemwambia hataki kwenda, Okoye anapewa mkono na mfalme wake anayemwambia hapa si mahali pa kufia, na ni mfalme anayepotea. Mimi siwezi kukitazama kipande hicho kama zamani tangu Chadwick Boseman alipofariki Agosti 2020.

Chuma, kuhusu Quill nakupinga. Kwenye Guardians of the Galaxy ya pili alipoambiwa na baba yake kwamba ndiye aliyemuua mama yake, alifanya nini? Alifyatua risasi palepale, hakuuliza la pili. Ndivyo alivyo. Ulitaka kule Titan awe mtu mwingine?

Chuma_Tanga

Nilitaka asubiri sekunde mbili kaka. Mbili tu.

Mhariri_Moro

Angesubiri, asingekuwa yeye.

Binti_kihesa, 18 huzihitaji. Kabla hujaenda kwenye mwendelezo wake, Endgame ya 2019, ambayo ni saa tatu na dakika moja, tafuta tatu: Captain America: Civil War ujue kwa nini Tony na Steve hawapigiani simu, Guardians ya pili kwa ajili ya Quill na ugomvi wa Gamora na Nebula, na Thor: Ragnarok, ambayo inaishia palepale hii inapoanzia. Anza na Ragnarok. Ukimaliza irudie hii, usikilize namna Thor anavyomjibu Rocket.