Basi la shule limekataliwa, wamepima umbali kwa njia ya mashambani

Kutoka: Mama Neema
Jumapili, 27 Oktoba 2024

Shikamooni wakubwa zangu, na wengine habari za wikendi.

Naomba msaada wa haraka. Tulihamia kijijini hukuhuku Uingereza mwezi wa nane, kazi ya kea (kuhudumia wazee na wagonjwa) ilikonipeleka, na binti yangu Neema akaanza Year 7, mwaka wa kwanza wa sekondari, mwezi wa tisa. Shule aliyopata ndiyo ya karibu kuliko zote zilizokuwa na nafasi, hilo hata wao hawalipingi. Kwa barabara ya magari ni maili 4.1. Nikaomba basi la bure la halmashauri nikijua mambo yamekwisha.

Barua imekuja, wamekataa. Wanasema njia fupi anayoweza kutembea mtoto ni maili 2.8, na kwa mtoto aliyetimiza miaka minane lazima izidi maili 3. Wameambatanisha na ramani. Mstari mwekundu unaanzia kanisani, unaingia shamba la mtu, unavuka kijito, unakata malisho mawili ya ng'ombe ndipo unatokea nyuma ya shule.

Jana nikaifuata hiyo njia kwa miguu. Geti la kwanza tu, matope yanapita kifundo cha mguu, kwato zimechimba mashimo na mashimo yamejaa maji. Mbele kuna ngazi ya mbao ya kuvukia ua. Ubao wa chini umeoza, ukiukanyaga unabonyea, na mkono unapotaka kushika ndipo ilipo seng'enge. Mtoto apite hapo na begi la vitabu na sare ya shule? Saa zimerudishwa nyuma leo. Desemba huku jua linazama kabla ya saa kumi jioni.

Na basi lenyewe linasimama mbele ya ukumbi wa kijiji, naliona nikiwa jikoni, viti vya nyuma vitupu. Wananiambia naweza kununua kiti, zaidi ya pauni 900 kwa mwaka.

Swali langu: rufaa ya hatua ya kwanza ni ndani ya siku 20 za kazi. Barua ina tarehe 9 Oktoba ila waliituma anwani ya zamani, imenifikia Alhamisi tarehe 24. Siku zinahesabiwa tangu lini? Kama ni tangu tarehe 9, mwisho wangu ni 6 Novemba. Na kwa kuwa mimi ni NRPF, yaani viza yangu hainiruhusu kuchukua misaada ya serikali, kukata rufaa hakutaniharibia viza?

Asanteni.

Kutoka: Baba Juma, Leicester

Pole sana dada yangu. Usihangaike na makaratasi, nenda parish council, lile baraza la kijiji. Wanakutana ukumbini, tangazo hubandikwa kwenye ubao siku tatu kamili kabla ya kikao, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Sisi tulipoishi kijijini walitusikiliza vizuri mno. Kuna sheria ya mwaka 1908: wakazi sita wakiandika kwamba wanataka viwanja vya kulima, parish council inalazimika kulishughulikia ombi lao. Tuliandika sita, wanne wazungu na sisi wawili, tukapata. Mke wangu akalima mchicha na maboga kwa ajili ya majani yake. Wazee wa pale walikuwa wakisimama kumuuliza kwa nini anavuna majani na boga lenyewe halijakua. Mpaka tunahama walikuwa wanakula nao.

Kwa hiyo anza parish council.

Kutoka: Kerubo, Norfolk

Baba Juma, kwa heshima zote, unampotosha mwenzetu, na muda wake ni mfupi. Mimi ni mjumbe wa parish council huku kwetu, najua tunachoweza na tusichoweza. Tunashughulika na viwanja vya kulima, makaburi, kibanda cha basi, uwanja wa watoto, na kile kibanda chekundu cha simu tulichonunua kwa pauni moja tukaweka mashine ya kushtua moyo. Usafiri wa shule hatuna sauti nao hata kidogo. Huo ni wa halmashauri ya kaunti. Takataka ni distrikti. Sehemu nyingine ngazi ya kaunti na distrikti zimeunganishwa, kwa hiyo Mama Neema angalia kichwa cha barua yako ujue nani hasa amekuandikia.

Sasa sikiliza, dada. Maili 2 kwa mtoto wa chini ya miaka minane na maili 3 kwa aliyetimiza ni kipimo kilichokuwemo katika sheria ya elimu ya mwaka 1944, na leo kimo katika ile ya 1996. Ndiyo, wanaruhusiwa kupima kwa njia ya miguu ya umma. Lakini njia yenyewe lazima iwe mtoto anaweza kuipita kwa usalama wa kutosha, akiwa na mtu mzima pale inapohitajika. Hapo ndipo pa kubishania. Usibishane kuhusu giza peke yake, wala zamu zako za kazi. Watakujibu kwamba kumsindikiza mtoto ni wajibu wa mzazi, na ratiba ya kazi kwa kawaida haihesabiwi kuwa sababu.

NRPF ondoa hofu. Usafiri wa shule haumo kwenye orodha ya public funds, hiyo misaada uliyokatazwa. Omba, kata rufaa, hakuna atakayekugusa kwa hilo.

Halafu ripoti ile ngazi iliyooza kwa kitengo cha njia za umma cha halmashauri hiyohiyo, mtandaoni, na utunze namba ya ripoti. Kisheria ngazi ni ya mwenye shamba, ila wao ndio wenye wajibu wa kuhakikisha njia inapitika. Kitengo kimoja kinasema mtoto apite, cha jirani kinapokea taarifa kwamba hapapitiki. Weka yote mawili kwenye rufaa yako.

Kutoka: Mzee wa Lushoto, Northampton

Marahaba mwanangu Mama Neema.

Nisamehe nikisema hivi. Maili 2.8 ni mwendo wa kawaida. Mimi nilishuka na kupanda milima ya Usambara kila siku ya shule, ukungu umefunika hata huoni mgongo wa mwenzako, pekupeku, kuni ya mwalimu begani. Tulifika tukiwa tumelowa na tulisoma. Watoto wetu huku wanalelewa kama mayai. Hewa safi, mashamba ya kijani, ndege wanalia: wangapi London wanaitamani njia hiyo? Nimekaa hapa tangu 1994, na kitu ninachokikumbuka kuliko vyote ni ile njia ya shule asubuhi, harufu ya moshi ikitoka kwenye majiko ya watu na mama fulani akituita tuchukue kiazi cha moto tukile njiani.

Kutoka: Mama Neema

Shikamoo mzee. Nimekusoma na nimekuelewa, mimi mwenyewe ni mtoto wa Rombo, nimetembea.

Lakini umelisema mwenyewe. Kulikuwa na moshi, na mama wa kiazi. Njia ya kwetu ina watu. Ukianguka anakuokota mtu anayekujua wewe na bibi yako. Jana nimekwenda na kurudi mchana kweupe, sikukutana na binadamu hata mmoja. Nyumba ya kwanza inaonekana kwa mbali, na kati yetu kuna ng'ombe. Binti wa miaka kumi na mmoja akivunjika mguu pale saa kumi na moja jioni, nani atajua? Mtandao wa simu hauko kwenye bonde lile, nilijaribu.

Kuhusu kumsindikiza: niko peke yangu. Zamu yangu ya asubuhi inaanza kabla hajaamka. Dada Kerubo nimekusikia kwamba hawatalihesabu, lakini nilitaka mlijue.

Kutoka: Papa Espoir, Sheffield

Jambo kwenu wote. Mama Neema, pole.

Mimi nimetoka Bukavu, na hizi njia za miguu ndizo zilizoniponya nilipofika kama mkimbizi. Kundi la hapa hututembeza kwenye milima ya Peak District. Mjue hazikutolewa bure. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana wa viwandani walipanda Kinder Scout, mlima uliokuwa umefungwa kwa ajili ya mabwana kuwindia ndege, na baadhi yao wakafungwa jela. Sheria ya ramani za njia za umma ikaja 1949. Kwa hiyo nasikia uchungu kuona halmashauri inaitumia haki iliyopiganiwa na maskini kumnyima mtoto wa maskini basi. Ile njia iliwekwa ili mtu apite akitaka.

Tena umesema kuna ng'ombe. Fahali hakubaliwi kabisa katika shamba lenye njia ya umma, ni kosa la jinai. Angalia kama yumo, piga picha.

Kutoka: Kerubo, Norfolk

Papa Espoir, sivyo. Sheria ya 1981 inakataza fahali wa mbegu ya maziwa aliyezidi miezi kumi. Wa mbegu za nyama anaruhusiwa akiwa pamoja na majike. Tafadhali tusimpe mwenzetu maneno ambayo afisa atayakata kwa mstari mmoja. Ng'ombe wenye ndama ni hatari kuliko huyo fahali, hasa mtu akiwa na mbwa, na hilo aliandike.

Pia shamba likilimwa, mkulima anatakiwa airudishe njia ndani ya siku 14, upana usiopungua mita moja inapokata katikati ya shamba. Kama kuna sehemu imelimwa, pima.

Kutoka: Papa Espoir, Sheffield

Asante kwa sahihisho. Ila sikusema uongo, ndivyo tulivyoambiwa na kiongozi wetu wa matembezi.

Kutoka: Baba Juma, Leicester

Nami sikumpotosha mtu. Parish council ndiyo inayomjua diwani wa kaunti. Diwani huhudhuria vikao vyao. Ukimpata pale ukamweleza uso kwa uso ni tofauti na barua pepe kumi. Mwezi wa tano mwakani kaunti nyingi zinachagua madiwani, sasa hivi wanajibu haraka.

Kutoka: Kerubo, Norfolk

Hapo tuko pamoja. Na Mama Neema, umejiandikisha kupiga kura? Wewe ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola na una kibali cha kukaa, basi una haki. Hata viza ya kea inatosha. Wengi wetu hatujui. Jiandikishe wiki hii, kisha mwandikie diwani ukitaja kwamba wewe ni mpiga kura wake.

Kutoka: Papa Espoir, Sheffield

Sisi wa Kongo na ndugu zetu Warundi hatuna bahati hiyo. Nilisubiri mpaka nilipopata uraia ndipo nikapiga kura kwa mara ya kwanza hapa. Nyie mnayo tangu siku ya kushuka kwenye ndege na mnaiacha.

Kutoka: Mzee wa Lushoto, Northampton

Hili linaniuma. Mwezi ujao nyumbani wanachagua wenyeviti wa vijiji na mitaa. Nimejenga pale, nimechangia zahanati, nimesomesha watoto wa ndugu, na sauti sina. Hapa Northampton naruhusiwa kumchagua diwani atakayeamua ratiba ya taka. Nimekataa pasi ya Uingereza miaka yote hii kwa sababu siku nikiichukua mimi si Mtanzania tena kisheria. Wakenya walipata uraia pacha katika katiba ya 2010, na 2022 walipanga foleni ubalozini kwao London kumchagua rais. Sisi tunaambiwa tusubiri hadhi maalumu. Mtu hazaliwi na hadhi maalumu, anazaliwa na nchi.

Kutoka: Baba Juma, Leicester

Mzee umenena. Tunaitwa wakati wa kutuma pesa. Likija suala la haki, sisi ni wageni.

Kutoka: Kerubo, Norfolk

Msidhani kwetu ni raha tupu. Kituo cha kupigia kura kilikuwa London, na mtu wa Norfolk alilazimika kulala njiani. Wengi walikata tamaa.

Kutoka: Msimamizi

Ndugu, tumeshatoka kwenye mada. Uraia pacha una uzi wake. Maswali ya kadi za ukaazi (BRP) kuisha 31 Desemba na akaunti za mtandaoni za UKVI, idara ya viza, nayo yana uzi wake, acheni kunitumia faragha. Hapa ni basi la shule.

Kutoka: Mama Neema

Asanteni nyote. Taarifa fupi.

Nimeripoti ngazi, namba ninayo. Nilikwenda kwenye chai ya Alhamisi ukumbini. Nilidhani nitakaa kimya kwenye kona, kumbe wale mama wa kundi la matembezi wanaijua njia ile kama viganja vyao. Wanasema kijito hufurika kila baridi na wao wenyewe kuanzia Novemba hawapiti, huzunguka kwa barabara. Mmoja ana picha za miaka iliyopita zenye tarehe, maji yamefunika kidaraja. Atanipa zote, na wako tayari kuandika na kusaini. Pia kuna madereva wa kujitolea wanaowapeleka wazee kwa GP, daktari wa eneo, kwa peni 45 kwa maili. Wanauliza kama taratibu zao zinaruhusu kumchukua mtoto. Mpaka lijulikane, jirani mmoja atamshusha Neema Jumatatu na Jumatano anapokwenda kazini.

Kutoka: Kerubo, Norfolk

Hao mama ni ushahidi mzito kuliko sisi wote humu. Ombi moja: wamepima kuanzia wapi? Kipimo kinaanzia geti la nyumba yako hadi geti la shule la karibu ambalo wanafunzi wanaruhusiwa kulitumia. Umekosa kwa maili 0.2, kama mita 320 hivi. Umesema mstari unaanzia kanisani.

Kutoka: Mama Neema

Dada Kerubo! Nimeichukua ramani sasa hivi. Mstari unaanzia geti la kanisa kweli, nami nakaa upande wa pili wa kijiji, kupita ukumbi na kile kibanda cha simu. Na unaishia kwenye uzio wa nyuma wa shule. Pale hakuna geti la wanafunzi, kuna la magari ya jikoni tu, linafungwa kwa kufuli. Kundi la matembezi wana lile gurudumu la kupimia umbali. Tumepanga Jumamosi saa nne asubuhi, mvua inyeshe isinyeshe, kutoka mlangoni kwangu.