Mrejesho: betri ya redio ya gari kibandani Likoni

Ndugu zanguni, ahsanteni sana. Niliuliza ni betri gani ndogo itaendesha redio niliyoitoa kwenye Probox, niisikilize kibandani Likoni nikiuza viazi karai.

Mlionishauri betri ya pikipiki mniwie radhi. Nilimfuata aliyesema ile iliyozibwa ya volti 12, ampea-saa 7 (kipimo cha chaji inayobeba), inayotumika kwenye ving'ora vya nyumba, maana haimwagi asidi. Waya ya njano ya redio, inayotunza kumbukumbu, nimeipeleka moja kwa moja kwenye chanya ya betri kupitia fyuzi; nyekundu, ya kuwashia, nikaipitisha kwenye swichi. Stesheni hazifutiki tena.

Kwa sauti ya wastani naipiga kama masaa manne. Nikiipandisha, besi ikigonga tu, volti zashuka, redio yazima na kuwaka upya. Nimeweka waya nene, ikapungua lakini haikwisha. Basi nimeng'oa spika mbili, zimebaki mbili, na majirani wameshukuru.

Kosa ni langu: siku ya kwanza niliichaji betri kwa chaja kubwa ya gari, ikachemka kama karai lenyewe. Sasa natumia chaja ndogo ya ampea 1, naiacha usiku kucha.