Mjadala: MLB, ligi kuu ya besiboli Marekani, iweke kikomo cha mishahara, au wenye nazo waendelee kutamba?

Kisu Butu: Mkataba wa ligi na chama cha wachezaji unaisha Desemba 1, 2026. Nasema kikomo kiwekwe. Timu ya Dodgers inampa nyota wake Ohtani dola milioni 2 kwa mwaka, milioni 680 kati ya 700 za mkataba wa miaka 10 zinasubiri 2034 hadi 2043. Kodi ya anasa, ile ya timu zinazopita mstari wa mishahara, inakwepwa mchana kweupe. Halafu wachezaji wenyewe wanaswagwa timu hadi timu kama mbuzi wa mnada wa Pugu.

Ndimu Kali: Mbuzi?! Mkuu, mbuzi gani ana kura ya turufu? Mchezaji mwenye miaka 10 ligini, 5 ya mwisho akiwa timu hiyohiyo, hapelekwi popote bila ridhaa yake.

Mzigo Mzito: Wangapi wanaifikisha hiyo 10? Uhuru wa kuchagua timu unakuja baada ya miaka 6. Mitatu ya mwanzo unapokea kima cha chini au karibu nacho (760,000 kwa 2025), ndipo unaruhusiwa kubishania mshahara kwa msuluhishi. Na mwaka ni siku 172. Timu ya Cubs 2015 ilimchelewesha mchezaji wake Kris Bryant ligi ndogo, akaambulia 171, mwaka haukutimia. Akalalamika, 2020 akashindwa.

Ndimu Kali: Maskini, alilala njaa kweli.

Mzigo Mzito: Kejeli si hoja.

Karani: Kisu, kodi ya anasa haitazami pesa iliyolipwa mwaka huo. Inachukua thamani ya mkataba mzima na kuigawa kwa miaka yake. Malipo yaliyoahirishwa hukatwa riba kwanza, yarudi thamani ya leo. Ndiyo maana Ohtani anahesabiwa kama milioni 46 kwa mwaka: si 70, si 2. Mchezaji Soto pale timu ya Mets hana cha kuahirishwa, milioni 765 kwa miaka 15, basi ni 51 kavu. Mstari wa 2025 ulikuwa milioni 241. Unatozwa kwa kilichozidi tu: asilimia 20, mwaka wa pili mfululizo 30, wa tatu 50. Ukipita mstari kwa milioni 60 na zaidi kuna nyongeza, timu sugu inafika asilimia 110 kwa hizo za juu kabisa.

Kisu Butu: Sikusema 2 ndiyo inayohesabiwa. Soma taratibu, dada.

Karani: Nani kakwambia mimi dada?

Ndimu Kali: 😂 Tuendelee na mbuzi. Timu ikimtoa mchezaji ghali, mara nyingi inabeba sehemu ya mshahara wake ili ipewe vijana wazuri, na hizo pesa zinabaki kwenye hesabu ya kodi ya aliyelipa. Msiniambie "wachukue nafasi za drafti", zile zamu za kuchagua vijana wapya. Besiboli nafasi za kawaida haziuzwi.

Mzigo Mzito: Mchezaji Curt Flood aligoma kupelekwa timu ya Phillies 1969, Mahakama ya Juu ya Marekani ikamkatalia 1972, kura 5 kwa 3. Wenzake walifunguliwa mlango wa kuchagua timu na msuluhishi mwisho wa 1975. Kabla ya hapo neno mbuzi lilikuwa heshima.

Kisu Butu: Kumbe nilikuwa sahihi.

Ndimu Kali: Kwa mwaka 1969, ndiyo. Na kikomo chako wenye timu walijaribu kukiweka 1994: wachezaji wakagoma, fainali zikafutwa.

Karani: Bado nasubiri jibu la udada.