Bati la Bibi: kikundi cha "Wajukuu wa Bi Somoe"

IJUMAA

[18:04] Da Zuhura: Assalam alaykum wajukuu. Nasema kwa mara ya mwisho kuhusu mchango wa paa la Bibi. Mvua imeshapiga kwetu Mtama jana usiku. Fundi kaja, kapanda, kashuka. Bati 48 geji 28, kofia za paa, misumari, na kenchi tatu zimeliwa na mchwa. Jumla na ufundi 2,150,000. Nilichopokea mpaka sasa ni 180,000. Humu tupo watu 23.

[18:09] Da Zuhura: Tiki za bluu naziona.

[18:31] Mwanaidi: [picha]

[18:32] Mwanaidi: Hapo ni chumbani kwake. Beseni tumeliweka juu ya kitanda, upande wa miguuni. Yeye analala kajikunja ukutani. Mbaazi za mbegu zimelowa gunia zima, tumeanika uani.

[18:40] Shemeji Kassim: Pole Bibi wangu. Ila hilo beseni mbona kama la harusi yangu? Nimelitafuta sana 😂

[18:41] Fatu Mtwara: 😂😂😂

[18:41] Da Zuhura: Shemeji, tafadhali.

[19:15] Saidi: Mimi nasubiri malipo ya mnada. Korosho zipo ghalani, AMCOS, chama chetu cha ushirika, wanasema hela ikiingia tu wanatuita.

[19:16] Da Zuhura: Basi iambie mvua isubiri mnada.

[19:20] Da Zuhura: @Abdul Wales nimekuandikia laki nane. Iliyobaki tutagawana sisi wa huku.

[21:52] Abdul Wales: Alaykum salaam. Shikamooni wakubwa. Ndo natoka kazini. Da Zuhura, laki nane mwezi huu sina. Natuma laki mbili.

[21:54] Athumani: Laki mbili 🙄 Mtu analipwa kwa saa. Si ulisema mwenyewe paundi 12.82? Hiyo ni elfu 40 na kitu. Kibarua wa kuokota korosho haioni kwa siku nzima.

[22:03] Abdul Wales: Kaka Athu hesabu yako sawa, ila umeishia kwenye kuingia. Mimi nipo kijijini huku Wales, si London. Wazee ninaowahudumia mmoja yuko bondeni, mwingine ng'ambo ya kilima. Bila gari huna kazi, na muda wa njiani silipwi. Basi la kuvizia, Jumapili halipo kabisa. Leseni ya nyumbani wanaikubali miezi 12 tu, baada ya hapo mtihani upya. Wa kuandika paundi 23, wa barabarani 62, ukianguka unalipa tena. Bima ya gari hata sijaigusa, dereva mgeni wanamkamua mpaka tone la mwisho.

[22:05] Athumani: Paundi 62 si ndiyo hiyo laki mbili? Yaani Bibi ni sawa na mtihani mmoja wa gari.

[22:05] Fatu Mtwara: 🙆🏾‍♀️

[22:11] Abdul Wales: Na baridi ndiyo hii imeingia. Bomba la gesi limeishia mjini, huku kila nyumba ina tenki uani, tunajaza mafuta ya taa ya kupashia nyumba joto. Gari la mafuta haliji kwa chini ya lita 500. Zaidi ya paundi 300 kwa mkupuo, karibu milioni. Wiki hii nimeagiza.

[22:12] Shemeji Kassim: Subiri kwanza. MAFUTA YA TAA???

[22:12] Shemeji Kassim: Shemeji umepanda ndege kwenda kununua mafuta ya taa 😂😂😂

[22:13] Fatu Mtwara: Bibi ana kibatari hapo, tukutumie?

[22:14] Shemeji Kassim: Mimi nilidhani waliorukwa na bomba ni sisi tu. Gesi ya kwetu Madimba inawaka Dar, Mtwara hapa mke wangu anapuliza mkaa.

[22:14] Da Zuhura: Jamani BATI.

[22:16] Abdul Wales: Kodi ya halmashauri nayo analipa mpangaji, siyo mwenye nyumba. Siwadanganyi.

[22:20] Athumani: Maelezo mazuri. Ila kangomba ya mwaka ule, korosho za kununua kimagendo, Bibi hakuomba maelezo.

[22:26] Abdul Wales: Ujumbe huu umefutwa

[22:27] Athumani: Unafuta nini, tumeshasoma.

[22:27] Da Zuhura: Athu, lile si la leo.

[22:29] Athumani: La lini sasa? Aliyekuwa anapima korosho kwa bakuli usiku, tochi mdomoni, ni mimi. Siyo nyie.

[23:10] Mjomba Mkubwa: Nimesoma yote. La kangomba nililimaliza mimi, mbele ya mama yenu, akiwa hai. Anayetaka kulifukua aje Mtama anikabili, asilianike humu. Abdul lipa mafuta yako kwanza, sitaki kuletewa maiti. Ukishalipa, toa unachoweza. Athumani, una magunia mangapi ghalani? Nijibu kesho.

[23:48] Athumani: Shikamoo Mjomba. Nimekusikia.

JUMAMOSI

[06:12] Da Zuhura: Mjomba kasema. Sasa nataka hela. Ya Abdul ikiingia tunakuwa na 380,000. Fundi amekubali aanze na chumba cha Bibi peke yake, bati 16, lakini apewe laki saba leo.

[06:30] Shemeji Kassim: Natuma 50,000. Beseni nimesamehe.

[06:44] Saidi: Kwani lazima geji 28? Geji 30 rahisi.

[06:44] Da Zuhura: Saidi usinianze. Geji 30 upepo mmoja tu unaikuta kwa jirani.

[07:02] Hadija Masasi: Salaam, nililala mapema. Jumbe zote hizi kuna msiba?

[07:20] Athumani: Mjomba, magunia 9. Ila nusu nina deni la salfa, dawa ya mikorosho.

[07:41] Mwanaidi: Da Zuhura, fundi yupo hapa na ngazi. Anauliza apande au aondoke.

[07:42] Da Zuhura: Mpe chai. @Athumani pokea simu.