Ushauri: binti yetu anataka kuishi kwa kupiga selo Ujerumani

Mama wa Stuttgart: Habari zenu wapendwa. Binti yangu anakaribia kumaliza shahada ya selo (ala kama fidla kubwa, hupigwa mtu akiwa ameketi) katika chuo cha muziki cha serikali, na nia yake ni kuajiriwa na okestra. Baba yake angependa asomee ualimu kwanza. Ndugu zetu nao wamemwona Sheku Kanneh-Mason, mpiga selo Mwingereza, akipiga kwenye harusi ya kifalme ya Windsor mwaka 2018, basi wanadhani huko ndiko kila mpiga selo anakoelekea. Umaarufu siutafuti, ninachohofia ni mtoto kukosa mshahara. Naomba mwenye kuifahamu kazi hii atueleze.

Mpiga fidla: Shikamoo mama. Mimi nimo katika okestra huku huku, na hofu yako ina msingi, kwa maana nafasi hutokea mara chache na wanaoomba ni wengi. Katika usaili, aghalabu mtu huanza na Konsato (utunzi wa mpigaji mmoja akisindikizwa na okestra) ya mtunzi Haydn katika ufunguo wa D kubwa, na akivuka hapo hupiga konsato ya karne ya 19, kama ile ya Dvořák. Mwisho huja vipande vifupi vya okestra, kwa mfano mwanzo wa sehemu ya pili ya Simfonia ya Tano ya Beethoven, ambapo selo na viola (fidla kubwa kidogo) hubeba wimbo peke yao, hivyo sauti ikipotoka kidogo tu kila mtu husikia. Hapo ndipo wengi waliolelewa kwa konsato huangukia. Okestra nyingi huweka pazia katika raundi ya kwanza, ili mpigaji asionekane. Wanaopiga kura ni wanamuziki wenyewe, na anayechaguliwa hupitia kipindi cha majaribio kabla ya kuthibitishwa. Binti aanze vipande hivyo sasa, asisubiri kualikwa.

Mwalimu wa selo: Nakubaliana na mwenzangu, ila baba naye asipuuzwe. Ninafundisha shule ya muziki na kupiga kwa mkataba, na sijioni kuwa nimeshindwa. Hata hivyo, kabla ya ualimu aombe nafasi katika akademia za okestra, kama ile ya Berliner Philharmoniker, okestra ya Berlin, iliyoanzishwa mwaka 1972, ambako kijana hulipwa posho, hufundishwa na wanamuziki wa okestra yenyewe, na hupiga nao jukwaani.

Mama wa Stuttgart: Marahaba wanangu, nawashukuru sana. Je, akademia hizo zina ukomo wa umri?

Mwalimu wa selo: Nyingi zinao, mama, na kila moja ina wake. Asome tangazo la kila okestra mapema, mwaka huu huu.