Naomba ushauri: niwapeleke wapi watoto hapa Mombasa kwa pesa kidogo?

Hamjambo wenzangu. Shule zimefungwa na nina watatu nyumbani: miaka 9, 6 na 3. Bustani ya Mama Ngina pale baharini tumeshaizoea, tunakaa chini ya mibuyu kuangalia meli zikiingia bandari ya Kilindini, mihogo ya kukaanga yenye ndimu na pilipili, basi. Feri ya Likoni nayo ni bure kwa wanaotembea kwa miguu, tukavuka na kurudi mara mbili. Huyu mdogo akalia hataki kushuka! Jumapili tukajaribu bembea za kulipia, elfu moja ikayeyuka kabla ya adhuhuri.

Naombeni pengine penye kivuli na choo cha maana. Ufuo wa Pirates siku za kazi hujaa watu vilevile? Na maji yakijaa, mtoto wa miaka 3 atachezea wapi?