Beyblade za zamani na Beyblade X, zinaweza kupambana?

Mjomba_Dragoon:
Wakuu, habari za jioni. Mpwa wangu kaletewa Dran Sword, pia (toi la kuzungusha na kupambanisha) ya toleo jipya la Beyblade X. Mimi bado ninayo Storm Pegasus ya chuma na Dragoon ya plastiki, na dogo anataka tupambane Jumamosi. Si zote ni pia? Au kuna kitu kitaharibika?

PiaChuma:
Mkuu, zitazunguka, ila Dragoon usiitie humo kabisa. Plastiki ya miaka ile ikigongwa na chuma cha X inapasuka.

Pegasus nayo itaonewa. Tazama ukingo wa uwanja wa X, kuna reli yenye meno. Ncha ya Dran Sword ina gia. Gia ikidaka reli, pia inafyatuka kwa kasi na kumvaa mwenzake. Pegasus haina gia, kwa hiyo reli haitaisaidia chochote.

Mimi nimezifuata tangu utoto, na ninachokipenda ni jinsi namna ya kushindwa ilivyobadilika. Takara, kampuni ya Japani inayozitengeneza, walipoanza mwaka 1999, pia ilishindwa kwa kuishiwa nguvu au kutupwa nje. Wakaja na sumaku, wakaja na spring ndani ya pia, mwaka 2008 ikaja chuma nzito. Bado ukishindwa, umeshindwa vilevile. Toleo la Burst la 2015 ndilo lililogeuza mambo: kila pigo linasogeza meno ya ndani, yakifika mwisho pia inasambaratika vipande vitatu na mpinzani anachukua pointi 2. Nakumbuka tulivyokuwa tunabana pumzi kusikiliza yale meno yakilia!

X imeanza 2023. Ukimtupa mpinzani kwenye shimo la katikati, kati ya yale yaliyo ukingoni mwa uwanja, unapata pointi 3, na mshindi ni wa kwanza kufika 4. Aliyeachwa mbali anarudi kwa pigo moja. Kwangu hii ndiyo bora kuliko zote.

Kai_Daima:
Kwa mchezo sawa, ila kwa katuni ile ya 2001 haina mpinzani. Dranzer, yule ndege wa moto, akitoka kwenye pia, nywele zinasimama.

PiaChuma:
Hapo sikubishii. Ila katuni ya X ipe nafasi, wachezaji ni timu za watatu wanaopanda mnara kwa kushinda. Bila mnyama wa kukuokoa, unaona mtu akifikiria achague ncha ipi.

Mjomba_Dragoon:
Asante mkuu. Na hiyo 3-60F kwenye boksi ni nini?

PiaChuma:
60 ni kimo, milimita 6. F ni ncha bapa, ya kushambulia. 3 ni idadi ya vichomozo vya kipande cha kati. Pegasus yako ni 105RF: milimita 10.5, ncha bapa ya mpira. Jumamosi mpe dogo Pegasus aizungushe kwenye uwanja wa zamani, Dragoon ibaki pembeni. Halafu mtafutie pia ya pili ya X.